Siku Sita kwa Shangazi Yako

Riziki mwanangu,

Salamu ninaziruka, maana tuko nyumba moja. Kati yetu iko ukuta wa mbao tu, na ninasikia vile unafunga valizi, unaifungua, unaifunga tena. Ni saa nane ya muchana. Papa yako amepanda mulimani kwa ng'ombe. Mimi nimeketi jikoni na kaye yako ya zamani ya jiografia, ile uliyoacha kurasa za nyuma nyeupe, na kalamu niliyokuomba asubui. Uliniuliza ni ya kazi gani, nikakuambia ni ya kuandika majina ya wateja wa fromaji, ile jibini yetu ya maziwa. Hiyo nayo ilikuwa uongo, lakini mudogo. Tutafika kwa ule mukubwa.

Usingojee nikuandikie mambo ya soksi. Papa yako atakuambia juu ya soksi, juu ya paspoti kukaa kifuani, juu ya kutokula chakula cha watu usiowajua, na atarudia mara ine kabla mufike Sake. Mvula ya Bergen, ule muji wa shule yako ng'ambo, nayo hainisumbui. Wanasema kule inanyesha wiki nzima bila kupumua, mwamvuli unavunjwa na upepo wa bahari, watu wanaenda kazini na makoti ya plastiki na hakuna anayelalamika. Sawa. Wewe umezaliwa Masisi. Ulijifunza kutembea ndani ya matope, na nguo zako za shule zilikaukia juu ya moshi miaka kumi na mbili. Watakuonyesha nini? Kinachonichekesha mimi ni kwamba mutoto wa maziwa anaenda kusomea samaki. Niliwaambia wamama wa kwaya, wakacheka mpaka mumoja akakaa chini.

Na ile mambo ya fromaji niliyotaka ubebe, hasira yangu imekwisha. Uliponiambia kwamba kule hawaruhusu maziwa wala nyama kuingia kutoka kwetu, kwamba wataichukua pale uwanja wa ndege na kuitupa ndani ya pipa, nilinuna siku mbili, unajua vile ninanuna. Fromaji yangu, ndani ya pipa! Sasa nimeelewa. Tutaikula sisi, mimi na papa yako, na tutakutumia picha.

Ninaandika juu ya ile karatasi uliyobandika ukutani. Nimeisoma kila nikipita na sufuria, mpaka ninaijua kama sala ya asubui. Kesho saa kumi na moja ya asubui, pikipiki mbili, moja yako na papa, moja ya valizi. Goma. Kuvuka barieri ya mupaka. Gisenyi, kupanda basi, kulala Kigali. Kesho kutwa Kigali mpaka Adis Abeba, kungoja. Adis Abeba mpaka Kopenhagen, kungoja tena. Kopenhagen mpaka Bergen. Na chini kabisa umeandika kwa kalamu nyekundu: «Yote kuangalia mimi mwenyewe.» Umepiga mistari mitatu chini ya «mimi mwenyewe». Njo hayo maneno mawili yameniketisha hapa.

Zamani hukuwa hivyo. Ulikuwa mutoto wa kumuachia muntu yeyote muzigo wako sokoni, ukaenda kuangalia harusi inayopita. Tulikuwa tunakugombeza juu ya hiyo.

Sikia sasa. Biye ya ndege ya mwaka jana, ile tiketi iliyokupotezea nafasi ya shule na mwaka muzima, si Solange aliyeikosea. Ni mimi. Nilienda Goma nikamuambia maneno ambayo hukunituma niseme, na ulipokuja kuniuliza nikakukatalia macho kwa macho. Umemuchukia rafiki yako mwaka muzima juu yangu.

Usisimame bado. Ninakuomba usome mpaka chini, halafu utafanya vile unaona.

Ulikuwa Ngungu kwenye ile kazi ya mabwawa ya samaki, na rezo ya kule unaijua, muntu anapanda mulima muzima kutafuta alama moja ya telefone. Kabla ya kwenda ulikuwa umepanga kila kitu na Solange, kwa sababu ajansi aliyofanyia kazi njo ilikuwa inakata biye za ndege, na kwa sababu Solange ni Solange. Mulikaa benchi moja tangu darasa la kwanza, na amekula kwangu mara nyingi kuliko kwao. Ulimuachia tarehe. Shule ya Bergen ilikuwa imesema ufike kabla ya Jumatatu ile, siku ya kuandikisha majina, na asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Solange alikuwa amepata njia nzuri. Ilibaki mimi nimupelekee kopi ya paspoti, maana nilikuwa ninashuka Goma na fromaji.

Nilimukuta mbele ya ordinatere yake, ile mashine ya kukatia biye, nguo safi, nywele zimesukwa vizuri, akaniletea kiti na soda. Nikamuambia umebadilisha. Kwamba utapitia Buruseli, ukae siku sita kwa shangazi yako Jeanne, dada ya papa yako, njo uendelee Bergen. Solange aliacha kuandika. Akaniuliza kwa heshima kama ile tarehe ya shule itakuwa sawa. Nikamujibu kwamba wewe na shule mumekwisha kusikilizana. Aliniangalia kidogo, na ninakuambia ukweli, aliona. Lakini mutoto aliyelelewa vizuri hamuambii mama ya rafiki yake kwamba anasema uongo, na kukupata wewe kule Ngungu haikuwezekana. Akaandika. Biye ya namna ile, ikishakatwa, haibadilishwi.

Ukiniuliza juu ya nini nilifanya hivyo, mudomo wangu utakimbilia desturi. Kwetu Walikale safari haipangwi kwa saa, inapangwa kwa nyumba. Muntu akitoka kijijini kwenda mbali anahesabu: siku ya kwanza nitalala kwa mujomba, ya pili kwa yule aliyeoa dada yetu, ya tatu kwa watoto wa babu mudogo. Kupita mbele ya nyumba ya ndugu bila kuingia, hata kama una haraka, hata kama ni kunywa maji tu ukiwa umesimama, ni tusi. Wataulizana miaka na miaka walikukosea nini. Nilipotoka porini kuja kuolewa huku Masisi nilitembea siku ine namna hiyo, na kila nyumba walinipondea lituma ya ndizi, wakanitia samaki ya kukausha ndani ya kitunga. Na tulipokimbia vita kutoka Kashuga, wewe mugongoni mwangu na homa, unafikiri ni nini ilituokoa? Ni hiyo. Tulilala kwa ndugu za papa yako, nyumba baada ya nyumba, na hakuna hata moja walituuliza tutaondoka lini. Kwa hiyo niliposikia kwamba utapita karibu na Buruseli, juu ya kichwa cha shangazi yako, bila kushuka, iliniuma kweli. Nilisema moyoni, hawa watoto wanajisafirisha kama gunia la viazi.

Hiyo yote ni kweli. Lakini nikikuambia ilikuwa desturi tu, nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Shangazi yako angeelewa. Ungemupigia telefone ukifika, mungecheka, imekwisha. Na tarehe niliijua. Uliniambia mara mbili, na mara ya pili ulinishika mikono. Nilijiambia kwamba shule ni shule, kwamba hapa kwetu masomo yakifunguliwa watoto wanafika wiki ya pili, ya tatu, wakati maharagwe yamekwisha kuvunwa, na mwalimu hafukuzi muntu. Nilijiambia hivyo ili nipate usingizi. Chini kabisa nilitaka ukose. Nilitaka ubaki hapa. Sitaipaka sukari, ichukue vile ilivyo.

Nilikuwa na woga, Riziki, na woga wangu ni wa zamani kuliko wewe.

Siku niliyotoka kwetu, mama yangu alikuwa anakamua mawese, mikono nyekundu mpaka kwenye viwiko. Hakulia. Alisimama, akachukua maji mudomoni, akanitemea kidogo kifuani, vile wazee wa kwetu wanabariki, yeye ambaye kila Jumapili alikuwa benchi ya mbele kanisani. Akasema, «Enda. Mimi nitakuwa hapa.» Nami nikamuahidi kwamba nitarudi kiangazi kinachokuja. Sikusema labda. Niliahidi. Kiangazi kikaja, njia ilikuwa imefungwa na vita. Kingine kikaja, nilikuwa na mimba yako. Kingine, wewe ulikuwa mudogo na unaumwa. Halafu tukakimbia, tukakaa kambini, na nani anahesabu kiangazi kambini. Njo siku moja muntu wa kubeba mawese akanikuta hapa sokoni nikiwa ninapima maharagwe, akaniambia, «Mama yako alizikwa, ni miezi miwili sasa.» Sikulia. Nilimaliza kumupimia muteja maharagwe yake, na nikamuongezea. Nililia wiki iliyofuata, juu ya sufuria iliyoungua, papa yako akafikiri ni juu ya sufuria.

Kwa hiyo kichwani mwangu, kwenda ni hivyo. Muntu anaenda, anaahidi, halafu habari inafika pamoja na mawese. Nilipokuona unacheka na ile barua ya shule mukononi, sikukuona wewe. Nilijiona mimi, nikiwa yule mama aliyebaki. Na hapa njo aibu yangu iko. Mama yangu alikuwa na woga sawa na wangu, pengine kuliko wangu, maana hakuwa na telefone wala hakujua kusoma. Alinifungulia njia. Mimi nilikufungia, na haikunijia hata siku moja kukuuliza, kukaa na wewe hapa jikoni na kukuambia, mutoto, ninaogopa.

Unakumbuka vile ulirudi kutoka Ngungu. Matope mpaka magotini, telefone mukononi, ukasimama kwenye mulango bila kuvua viatu.

«Mama, ni wewe ulimuambia Solange hivi?»

Ningesema ndiyo. Neno moja. Ungenikasirikia, ungekataa kula siku mbili, tungelia, lakini ungebaki na rafiki. Nikajibu, «Mimi ninajua nini ya mambo ya ndege? Muulize yeye.» Na nikageuka kukoroga bugali, kumbe ilikuwa imekwisha kuiva.

Ukamuuliza. Watu waliniambia namna ulivyomuuliza, mbele ya wateja wa ajansi, na majina uliyomuita. Waliniambia pia kwamba alifungua mudomo mara moja, halafu akaufunga. Alinilinda. Jioni ile alinipigia telefone. Akasema, «Mama, mimi nitanyamaza, lakini wewe umuambie.» Nikamujibu nitakuambia kesho. Wiki mbili baadaye walimuondoa kazini, maana mukubwa wake hakutaka mufanyakazi ambaye wateja wanamupigia kelele. Nilisikia hiyo pia, na kesho yangu ikaendelea kuwa kesho.

Unajua nilifanya nini mwaka huu wote? Nilikupikia. Sombe leo, kuku kesho, maziwa ya kuganda kila asubui, mpaka ukasema sketi zinakubana. Ulifikiri ninakuhurumia. Na wamama wa kanisa wakiniuliza juu ya nini Riziki hajaenda, nilitikisa kichwa, nikasema siku hizi ajansi za Goma hakuna ya kuamini. Nilisema hivyo siku moja mama yake Solange akiwa amekaa nyuma yangu. Alitoa tu mukono wake kwenye mugongo wa benchi yangu. Siku ile sikupanda kupokea komunyo, papa yako akaniuliza kama ninaumwa tumbo.

Nafasi za kusema zilikuwa nyingi. Tulipovuna pamoja, tulipolala kitanda kimoja ile wiki ya baridi, tulipongoja pikipiki saa nzima chini ya mvula. Kila mara nilivuta hewa, halafu nikaona uso wako umetulia kidogo, nikasema nisiuharibu leo. Kosa la siku moja unaomba samahani ukiwa umesimama. La mwaka unalitafutia kaye. Kama iko kitu kimoja ninataka uchukue kwangu, chukua hiyo: ukikosea kule, kwa rafiki, kwa mwalimu, kwa bwana ambaye utamupata, sema siku ile ile, kabla kosa halijazoea kukaa ndani ya nyumba. Utatetemeka. Tetemeka, lakini sema.

Lakini si uzito wa ule uongo ulionisukuma kusema. Kilichonishinda ni vile ulivyokuwa tangu shule ikukubali tena. Siku ile uliruka juu ya kitanda kama mutoto, nikafurahi, ninakuapia nilifurahi kweli, safari hii sikuwa na woga nyuma yake. Halafu ukafunga mulango. Biye ulienda kuikata mwenyewe, kwa watu usiowajua, ukarudi, hukutuonyesha. Papa yako akikuuliza saa ya ndege, ulimuangalia kwanza unatafuta anataka kuifanyia nini, papa yako, ambaye hawezi kudanganya hata ng'ombe. Juzi jirani alikuja na kilo yake, ile mizani ya kupimia maharagwe, kukusaidia kupima valizi. Ukasema asante, ukangoja aende, kilo akaiacha, ukapima valizi tena peke yako. Nilikuwa nyuma ya nyumba ninasafisha bido za maziwa, niliona.

Unaenda muji wa watu usiowajua, umejifunza kutoamini muntu, na mwalimu wako ni mimi. Na hata somo lenyewe lilikuwa la uongo, maana Solange hakukuangusha hata siku moja. Muntu uliyemuamini alikuwa wa kuaminiwa. Ulichagua vizuri, Riziki. Macho yako hayakukosea. Hiyo njo sikuweza kuacha uende bila kuijua.

Wiki iliyopita niliposhuka Goma nilienda kwake. Anauza vitambaa sasa, mbele ya nyumba ya mujomba wake. Nilimuomba aite mujomba na muke wa mujomba, maana wewe ulimuaibisha mbele ya watu, mimi sitaenda kumuomba samahani nyuma ya nyumba. Nikasema yote. Mujomba alitazama chini. Muke wake alisema «Mama Riziki» mara moja, basi. Solange alisikiliza akiwa na kitambaa kimoja mukononi, anakikunja, anakikunjua, anakikunja. Nilipomaliza akasema:

«Mama, wewe nimekusamehe zamani. Mama yangu angeweza kufanya vile vile. Riziki bado. Alinijua miaka yote ile, na hakuniuliza mara mbili.»

Sikujaribu kukutetea. Ni ukweli. Uongo ulikuwa wangu, lakini yale majina uliyomuita yalitoka mudomoni mwako, na hayo siwezi kukuombea samahani mimi. Aliuliza utapita lini. Nikamuambia siku ya safari, njo hii kesho yetu, karibu saa tano, kwenye barieri ya kuvukia Gisenyi. Akasema atakuja kusimama pale. Ukitaka kumupita, umupite, hatakuita.

Ndiyo, nimetoa tena habari za safari yako bila kukuuliza. Nilijua ungeniambia hivyo. Ni mara ya mwisho, na hii angalau ninakuambia kabla. Jumapili inayokuja nitasimama mbele ya wamama wote, na mama yake Solange akiwepo, nitasema. Sikutaka uisikie kwao kwanza.

Sasa kidogo juu ya mbele, maana sitaki barua nzima iwe kilio. Adis Abeba ukipotea, na utapotea, nimeona picha ya uwanja ule, uliza. Usizunguke na biye mukononi ukijifanya unajua. Muulize yule anayefagia, amechoka na anajua milango yote. Angalia saa ya ndege mara mbili, si mara kumi. Muntu akitaka kukusaidia kushusha valizi, muachie aishushe. Wako wabaya, ninajua, mimi nimeishi kambini. Lakini hao utawatambua. Nimekuambia, macho yako ni mazuri.

Na kule, muntu wa kwanza akikukaribisha kahawa, enda. Wanasema watu wa kule ni wa kimya, wanakaa kwenye basi kila muntu na kiti chake kama wamegombana. Labda ni haya tu. Papa yako alikaa kimya hivyo hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nikafikiri nimeolewa na muti. Wape muda, na wewe ucheke kwanza.

Sikuombi uahidi kurudi. Hiyo neno usinipe, hata kesho ukiwa unalia, hata mimi nikisahau na nikikuomba. Niliahidi siku moja, na ile ahadi iliniuma kuliko safari yenyewe. Kama samaki za kule zitakushika, baki nazo. Kama utarudi kuchimba mabwawa hapa chini kwenye muto, nitashika jembe na nitawaambia watu wote kwamba ilikuwa ni akili yangu. Nipigie wakati una hamu ya kunipigia, si kwa sababu ni Jumapili. Mimi sasa ninaweza kukaa hapa na wewe uko kule. Nimejifunza polepole, kwa kukuharibia mwaka, lakini nimejifunza. Asubui kama utakubali, nitakutemea yale maji kifuani. Papa yako, katekista muzima, amesema wakati ule atakuwa anafunga kamba ya valizi na hataona kitu.

Yeye nilimuambia jana tu. Nilimuambia pia kwamba nitaandika, na kwamba barua nitaificha ndani ya valizi, chini ya koti, uikute Bergen, ao uisome ndani ya ndege. Halafu akasema, «Juu kule hawezi kukujibu. Hiyo nayo ni kukimbia, Mama Riziki.» Nilikasirika, nikatoka inje, nikarudi. Ana haki. Kwa hiyo ninaipitisha chini ya mulango wako sasa hivi, jua lingali juu, ili uwe na jioni nzima ya kunikasirikia.

Ninaenda kwenye nyumba ya fromaji kuzigeuza. Nikimaliza nitazigeuza tena. Njoo unikute pale. Sema yote uliyo nayo, kwa sauti unayotaka, jirani wasikie. Sitajitetea na sitalia kabla yako. Kama hutaki kuja, sitabisha hodi. Kesho saa kumi na moja nitabeba valizi yako mpaka kwenye pikipiki, na sitakuuliza kitu.

Lakini njoo, mutoto wangu. Njoo ungali na hasira.

Mama yako